Jiwe! Mzizi! Tope!

Jumapili, 3 Machi

Balaa! Nahodha wa klabu ametangaza leo baada ya mazoezi, tukiwa bado tunahema kando ya tangi la maji. Mbio ndefu za mlimani mwaka huu ni za wawili wawili. Hakuna kukimbia peke yako. Eti mwaka jana mtu mmoja alipotea kule juu, akapatikana kesho yake amekaa juu ya mwamba anaimba. Kwa hiyo waandaaji wameona heri kila mkimbiaji awe na mwenza, walau wapotee wakiongea.

Nimejiandaa kwa mbio hizi tangu mvua za mwaka jana. Alfajiri, kabla dunia haijapiga mswaki. Peke yangu. Nimepoteza kucha mbili za miguu na rafiki mmoja, aliyechoka kuambiwa nalala mapema. Sasa naambiwa nisipopata mtu, sikimbii!

Watu wakatazamana, wakacheka, wakapeana mikono. Ikawa imekwisha. Mimi niliinama kufunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa. Nikazifungua ili nizifunge. Nilipoinuka, tangi lilikuwepo na mimi nilikuwepo. Wengine wote walishaondoka.

Nimeamua: simwombi mtu. Kuomba ni kukiri kwamba huna. Nitafanya niombwe. Ni suala la akili, na akili ninayo. Shahada yangu ya jiografia iko ukutani, ndani ya kioo. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa ya tarehe 15. Muda upo.

Jioni nimeruka kamba chumbani ili mawazo yakae sawa. Wa Chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Ko, ko, ko. Huyu ni mpangaji wa chumba cha chini yangu, msaidizi wa daktari wa meno, mwanamke wa makamo mwenye kicheko kama trei ya vyombo iliyoanguka. Tuko vitani tangu nihamie hapa. Mimi naruka, yeye anagonga. Nikaongeza kishindo. Akagonga tena. Hana haya!

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi njia ya mikaratusi. Umande. Miguu mizito.

Klabu yetu ina desturi. Tukiwa kwenye njia nyembamba, wa mbele akiona kitu cha kumkwaza mtu hupaza sauti: Jiwe! Wa nyuma yake hurudia, na wa nyuma yake tena, hadi neno limfikie mtu wa mwisho kabisa, naye hujibu: Imefika! Hapo wa mbele anajua hakuna atakayepasuka goti kwa uzembe wake. Nami nikiwa peke yangu hufanya hivyo hivyo. Mazoea tu. Jiwe! Mzizi! Tope! Hakuna anayejibu, bila shaka. Leo nilidhani nimesikia mchakacho nyuma yangu. Nikasimama nikageuka; kivuli gizani. Mbuzi.

Mchana nimeanza mkakati wa kwanza. Nahodha anafanya kazi dirishani, posta. Nikaona nipite mbele ya posta nikikimbia, mwepesi, bila jasho, kama mtu asiyemhitaji mtu. Kona ya duka la vioo napumzika, najimwagia maji usoni, najifuta, napita tena upande wa pili. Nikapita. Nikapita tena. Hakuinua kichwa, alikuwa anagonga mihuri. Nikapita tena, safari hii nikikohoa.

Aliyeinua kichwa ni mlinzi. Akanisimamisha mlangoni, akaniuliza mbona naizunguka ofisi ya watu kama mwewe, nimetumwa na nani, na wenzangu wako wapi. Nikamwambia kwa uchungu kwamba sina wenzangu, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Akasema wote husema hivyo. Nahodha akatoka kunidhamini. Mbele ya foleni nzima! Akaniuliza kwa upole kama nimepotea.

Na nani alikuwa kwenye foleni? Swala, mhasibu wa ofisini kwetu, naye wa klabu. Anakimbia kama hana mifupa, na kila mtu anampenda, jambo ambalo mimi huliona dalili mbaya. Alinipungia mkono. Nilijikaza kisabuni nikampungia pia.

Alhamisi, 7 Machi

Mama alipiga simu nikiwa kazini. Akauliza kama bado nakimbia. Nikasema ndiyo. Akauliza nani ananifukuza. Kila wiki swali hilo hilo, na kila wiki anacheka peke yake. Kisha akaniuliza nakimbia na nani. Nikamweleza sharti la mwaka huu. Akasema, si umwambie mtu tu, mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nikamwambia methali hizo zilitungwa na watu waliozaliwa katika familia kubwa. Kisha akasema hata sisi tulikuwa familia kubwa, ila mimi nilikuwa nakaa chini ya meza.

Ninafanya kazi chumba cha ramani, idara ya maji. Nachora mabomba, chemchemi, vijito, vilima na njia za miguu. Kazi ya utulivu. Wakati mwingine siku nzima hupita bila mtu kuingia, ila mfagizi, naye hunisogeza miguu kwa ufagio bila kusalimu, kama meza.

Leo aliingia Swala. Kwa sauti ya asali akauliza kama nimeshapata mwenza. Nikasema kuna watu watatu wananisumbua, sijaamua. Akafurahi mno! Akashika kifua, eti afadhali, maana kuna mtu alikuwa anatafuta mwenza akataka kuniunganisha naye, ila kwa kuwa nimezongwa hivyo atamtafutia mwingine. Akaenda zake. Nikabaki na kalamu mkononi. Ilivujisha wino katikati ya bwawa nililokuwa nikichora.

Hila iliyoje! Alijua kabisa sina watatu.

Jumapili, 10 Machi

Siku ambayo historia itanitetea.

Mazoezi marefu. Tulipofika njia panda Nahodha akauliza kama kuna anayejua njia ya mkato ya kutupandisha kwenye mgongo wa kilima bila kuzungukia machimboni. Mimi! Ramani ya eneo hilo nimeichora kwa mkono wangu. Nikawaambia kuna njia ya miguu, inaanzia kwenye kisima kilichofukiwa, inapinda kushoto, inakutana na ile ya juu. Nahodha akanitazama kwa mara ya kwanza kana kwamba nina uso. Akasema, haya, tuongoze.

Kuongoza! Watu wote nyuma yangu. Nikaita: Jiwe! Nikalisikia jiwe langu likipita mdomo hadi mdomo, likididimia kule nyuma, kisha kwa mbali kabisa: Imefika! Ningeweza kukimbia hivyo hadi uzeeni.

Kisha njia ikaisha. Haikufifia hata kidogo; iliisha tu, kama sentensi ya mtu aliyeitwa mlangoni. Mbele miiba, chini ya miiba shimo, na shimoni maji ya kijani yenye vyura. Nikasema tusonge mbele kidogo. Tukasonga. Watu wakachanika soksi. Swala akatumbukia mguu mmoja, akacheka, na wote wakacheka naye, hata vyura.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilipochora karatasi ile kulikuwa na vijinjia viwili, kimoja kinatoka kisimani, kingine kinashuka kutoka juu, na katikati yake pengo dogo tu. Vilionekana vipweke. Nikaviunganisha kwa vidoti vichache. Nilidhani ni jambo la huruma.

Sikusema hivyo, ng'o. Niliwaambia ramani haijakosea. Nikasema ardhi ndiyo iliyokosea. Nahodha alipuliza filimbi tukarudi tulikotoka, naye akaongoza mwenyewe. Mimi nikawekwa mwisho. Kazi yangu ikawa kujibu Imefika. Nilijibu kwa sauti yenye heshima zake.

Heri lawama kuliko fedheha, wamesema wahenga. Hawakusema ukipata zote mbili ufanyeje.

Jumatatu, 11 Machi

Njama imefichuka! Na iko katika jengo hili hili.

Nilikuwa napanda ngazi na mkate wangu. Wa Chini akafungua mlango wake, amevaa viatu vipya vya kukimbilia, rangi ya samawati, vinang'aa kama sahani. Akasema, mwenzangu, na mimi nimeanza. Nikamuuliza ameanza nini. Kukimbia! Eti kila alfajiri ananisikia nikishuka, akaona mbona asijaribu, na yeye hapati usingizi tangu mwanawe wa mwisho aolewe na nyumba ikawa na mwangwi. Kwa hiyo ananifuata. Wiki ya tatu sasa! Hawezi kunifikia, lakini njia ya mikaratusi ina giza, naye hana tochi wala uzoefu. Nikisema Jiwe, anainua mguu. Nikisema Tope, anapita pembeni. Akasema hajajikwaa hata siku moja. Akasema Mungu anibariki.

Kumbe yule hakuwa mbuzi!

Mawe yangu! Nimekuwa nikiyatangaza kwa uaminifu, na mtu huku nyuma anayatumia bila hata kunijulisha. Nikamuuliza mbona hakujibu Imefika. Akauliza ni nini hiyo. Nikamweleza. Akacheka trei nzima ya vyombo, akasema angejuaje, si ningemfundisha.

Kisha akasema amesikia habari za mbio za wawili wawili. Akasema, tukimbie basi, Wa Juu na Wa Chini, watu wa jengo moja. Hivyo tu, amesimama mlangoni na taulo begani. Nyuma yake chai ilikuwa inachemka, na meza ilikuwa na vikombe viwili. Sijui cha pili kilikuwa cha nani.

Nikasema nitafikiria.

Nimefikiria. Haiwezekani. Anakimbia kama kuku anayefuata ndoo ya pumba. Nahodha akiniona naye, ndiyo basi, nimeandikwa daraja la chini maisha yangu yote. Tena mimi nilitaka kuombwa na mtu wa kuombwa naye!

Jioni niliruka kamba. Ko, ko, ko. Nikaruka polepole zaidi, sijui kwa nini. Labda goti.

Ijumaa, 15 Machi

Siku ya mwisho ya kujiandikisha. Hakuna aliyeniomba. Nimekaa pale posta, kwenye benchi, tangu mapumziko ya chakula, uso wangu umefunguliwa kama duka. Mlinzi amenizoea, ameniletea kiti chenye mto.

Karibu na kufunga, wazo likanijia kama radi. Mwenza si lazima awepo! Anatakiwa aandikwe tu. Nikamwandikisha binamu yangu. Sina binamu wa aina hiyo, ila hilo ni la ndani ya familia. Siku ya mbio binamu ataugua ghafla. Nitasimama pale mstarini, nimeachwa, jasiri, macho yana unyevu kidogo. Klabu haiwezi kumwacha mtu hivyo. Nahodha atasema, njoo ukimbie nasi. Na hapo nitakuwa nimeombwa, tena hadharani!

Nahodha akapokea malipo dirishani, akapiga muhuri. Akasema anafurahi sana kwa ajili yangu, eti alikuwa na wasiwasi. Akauliza binamu anakimbiaje. Nikasema kama upepo. Ningesema vizuri tu ingetosha.

Jumatano, 20 Machi

Binamu amekua. Sikukusudia. Swala aliuliza anatoka wapi, nikasema ng'ambo. Mfagizi akauliza ana watoto, nikasema mapacha. Sasa idara nzima inamsubiri. Mchoraji mkuu, ambaye hajawahi kuniuliza lolote zaidi ya kifutio, amenisalimu na kuuliza mgeni atafika lini, kama nyumbani pana nafasi. Kwenye chai wamenivutia kiti. Nimekaa katikati yao nikisimulia jinsi binamu na mimi tulivyokuwa chanda na pete, tulivyokuwa tukikimbia utotoni, yeye mbele, mimi nyuma, akiniambia mawe yalipo.

Nilirudi nyumbani nimemkumbuka kweli. Upuuzi mtupu!

Nimepita mlango wa Wa Chini kwa ncha za vidole. Sijampa jibu. Mtu mwenye akili anajua kwamba kimya ni jibu.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika nimelala kifudifudi. Mapaja hayakunjiki.

Nilifika mapema. Ukungu mlimani, wapigaji picha, mzee mwenye kipaza sauti akiita wawili wawili waje mstarini. Nilisimama nyuma ya pipa la maji nikifanyia mazoezi sura ya kuachwa. Mara nikasikia sauti ninayoijua hata kupitia sakafu. Viatu vya samawati! Wa Chini anazunguka katikati ya watu, mkononi ana namba mbili za kifuani, anauliza kama kuna aliyemwona Wa Juu. Eti mwembamba hivi, uso kama mtu aliye kwenye mtihani. Watu sita wakanionyesha pale pale.

Kumbe alituandikisha! Tangu kesho yake, Jumanne, kwa waandaaji moja kwa moja. Nikamwambia nilisema nitafikiria. Akasema ndiyo, naye akanipa nafasi ya kufikiria, kwani kujiandikisha si kulikuwa na tarehe ya mwisho? Nikatazama mkononi mwangu. Na mimi nilikuwa na namba mbili. Wanawake wawili, namba nne.

Akauliza ya pili ni ya nani. Nikatoa sura niliyoifanyia mazoezi. Nikasema ni ya binamu yangu, ameugua ghafla usiku. Nahodha na Swala wakasogea. Wakauliza nini. Nikatamka la kwanza lililonijia. Jino!

Mbele ya msaidizi wa daktari wa meno.

Akauliza lipi. Nikasema la nyuma. Akauliza la juu au la chini. Nikasema yote mawili. Akashika shavu lake mwenyewe kwa huruma, akasema maskini, nimpeleke Jumatatu, atamwekea nafasi ya kwanza kabisa, wala asitafune upande ule. Aliamini! Hakupepesa hata jicho. Hilo lilinikera kuliko kama angecheka.

Nikamgeukia Nahodha. Nikasubiri. Akasema kwa furaha, basi yameisha, wewe huna mwenza na mama hapa tayari ana namba yenu, Mungu anapanga. Yeye mwenyewe tayari alikuwa amejiandikisha na Swala. Nikamuuliza waliafikiana lini. Akasema siku ile ile pale tangini. Alimwambia, tukimbie? Naye akasema, haya. Hivyo tu! Bila mkakati wowote! Watu wengine hawana hata aibu.

Tukaondoka. Mimi mbele, yeye nyuma. Aliongea. Alinisimulia mgonjwa aliyemng'ata daktari akaomba risiti. Alinisimulia mwanawe, jinsi anavyopiga simu Jumapili na kukata kabla chai haijapoa. Mimi nilikuwa natunza pumzi.

Tulipoingia njia nyembamba nikaita kwa mazoea: Jiwe!

Nyuma yangu, karibu kabisa: Jiwe! Kisha kimya kidogo, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na mtu. Kisha yeye mwenyewe: Imefika!

Nikaita mzizi. Mzizi! Imefika! Nikaanza kuita hata vijiwe visivyostahili. Nikaita jani. Akasema, jani! Imefika, na ni zuri! Kwenye mwinuko mkali tulitembea, akanimenyea yai. Nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa na yai mdomoni na siwezi kuulizwa chochote, mbona ananigongea dari kila jioni. Akashangaa. Akasema alikuwa ananisalimu. Si nilikuwa namjibu? Eti wakati mwingine akirudi kazini hujikuta amekaa na ufagio mapajani, anasubiri nianze.

Nadhani nilicheka. Sina uhakika. Hapakuwa na kioo.

Kisha tukaanza kushuka. Na pale kwenye kona, chini yetu kidogo, nikawaona: Swala ameketi chini anajisugua shavu la mguu, misuli imekaza, na Nahodha amesimama na mikono kiunoni, anatazama juu. Anatazama juu kwetu! Akili yangu ikafanya hesabu yenyewe. Swala hawezi kuendelea. Nahodha hana mwenza. Mtu akitokea sasa, mwepesi, bila jasho...

Niliondoka. Sikumbuki kuamua. Nikateremka kama gunia la viazi lililokatika kamba. Palikuwa na sehemu ya tope baya, refu, lenye majani juu kama sakafu. Nililiruka. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa, nilikuwa natunza sura.

Nilipofika pale konani Swala alikuwa ameshasimama. Akasema asante kwa kuharakisha kuja kumsaidia, amepona. Wakaenda zao, wawili, kama paa wa kwenye khanga. Nikawafuata kwa mbali. Nikavuka mstari. Mzee wa kipaza sauti akaniuliza mwenzangu yuko wapi, maana kwa sheria sijafika hadi afike naye. Aliniuliza ndani ya kipaza sauti. Mlima ukarudia swali.

Wawili wawili walikuwa wakipita, wameshikana mikono juu, wanalia, wanapigwa picha. Nilisimama upande wa pili wa mstari nimeshika chupa ya maji. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Alikuja karibu wa mwisho. Anatembea. Kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, hakuna tena samawati. Tope hadi kiunoni, goti linavuja damu. Nikampigia makofi. Nikamwambia kwa mtu anayeanza amejitahidi sana.

Akanitazama. Hakukasirika; angekasirika ningejua la kufanya. Akasema, hukuita.

Basi. Akafungua pini, akaikunja namba yake vizuri, akanipa, akaenda kutafuta bomba la kunawa.

Jumapili, 24 Machi

Nimetafakari kwa kina, bila upendeleo. Mteremko ule ni mkali, mtu hawezi kushuka na kuita kwa wakati mmoja. Ni suala la kisayansi la mapafu. Tena tope lilionekana wazi. Tena kila mkimbiaji anawajibika kwa miguu yake. Tena yeye ndiye aliyechelewesha matokeo yetu.

Mama alipiga. Akauliza nani alinifukuza safari hii. Nikasema hakuna. Akauliza, huyo mwenzio mlifika pamoja? Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata. Chai yangu ilikuwa haijapoa.

Jioni nimeruka kamba kidogo tu, kwa sababu ya mapaja. Kimya. Nadhani hayupo.

Jumatano, 27 Machi

Yupo. Nimesikia bomba lake, redio yake, kijiko chake kikizunguka kwenye kikombe. Kimoja. Nikaruka. Nikaruka kwa kishindo hadi shahada ikaenda upande. Hakugonga.

Ofisini wameuliza habari za jino la binamu. Nikasema ameshaondoka. Mchoraji mkuu akasema pole, nyumba itakuwa imepwaya. Kisha akaomba kifutio.

Asubuhi, kwenye mikaratusi, niliita Jiwe. Nikasubiri. Nikageuka kutazama nyuma. Nikajikwaa kwenye jiwe lenyewe, lile nililoliita mwenyewe! Kidole gumba kimevimba kama kitunguu. Mbuzi alikuwepo. Safari hii ni mbuzi kweli.

Ijumaa, 29 Machi

Huu ni mkakati wake, nimeuelewa sasa. Anataka nishuke. Anataka nisimame mlangoni kwake nigonge, kama mtu asiye na akiba. Kunyamaza ndiyo silaha yake. Ni mjanja kuliko nilivyodhani, lakini amekutana na mjanja mwenzie.

Nilishuka, ndiyo, ila kwa sababu ya takataka. Niliporudi nikapumzika kidogo mbele ya mlango wake, kwa ajili ya kidole. Viatu vya samawati vilikuwa nje, vimeoshwa, vimejazwa magazeti ili vikauke. Nilikuwa nimeinua mkono, kujikuna tu. Ndani alikuwa anavuma wimbo. Ningegonga ningesema nini? Hakuna njia ya kuanza sentensi ile ambayo haiishii mahali pabaya. Nikapanda ngazi.

Lakini wazo limenijia nikiwa nimelala sakafuni, sikio kwenye saruji. Ni wazo bora kuliko yote ya mwezi huu, nashangaa lilichelewa wapi. Pale karibu na dirisha sakafu ina ufa. Maji yakimwagika hapo, kwa bahati mbaya, kidogo tu, yatatona darini kwake. Hapo atalazimika kugonga. Au kupanda juu kabisa, kusimama mlangoni kwangu na kuniuliza kuna nini. Ataniuliza yeye! Nami nitashangaa, nitaomba radhi, nitasema karibu, chai iko tayari. Nimeshaosha vikombe viwili.

Idara ya maji haikuniajiri bure. Najua maji yanavyopita.

Ndoo imejaa, iko dirishani. Kesho jioni akisharudi kazini nitaiinamisha polepole. Kisha nitalala chini, niweke sikio, nisikilize kama imefika.